Aliyepasuliwa jana ana haki ya kuarifiwa leo

Chukulia ulifanyiwa upasuaji mwaka juzi, hapa Malindi, Kilifi au Mombasa. Kidonda kimepona, nyuzi zimetolewa, umerudi kwenye shughuli zako. Leo hospitali inagundua kwamba mashine iliyotumika siku ile ilikuwa na vijidudu. Je, kuna mtu atakayekutafuta? Ana nambari yako ya sasa, au ile ya laini uliyoitupa zamani? Na akikupata, ana daftari la kumwonyesha kwamba mashine hiyo ilitumika kwako na wala si kwa mgonjwa wa kitanda cha pili?

Nauliza kwa sababu swali hili limeshawakuta wenzetu wa nchi nyengine, na namna walivyolijibu ina funzo kwetu. Tunapozungumzia hospitali zetu, mazungumzo huwa ni uhaba wa dawa, migomo ya madaktari na wauguzi, na siku hizi SHA. Yanayomfuata mgonjwa nyumbani baada ya kutolewa wodini hayana msemaji.

Maji ambayo hakuna aliyeyashuku

Mtu anapopasuliwa moyo, damu yake hupitishwa kwenye mashine iliyo nje ya mwili, ambayo hushika kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Kando ya mashine hiyo huwekwa kifaa chengine chenye matangi ya maji, ambacho kazi yake ni kuipoza damu na kuipasha joto. Maji yale hayagusani na damu. Yana njia zake na damu ina njia zake. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi hakuna aliyeyatilia shaka.

Huko Zurich, Uswizi, madaktari waliona jambo lisilo la kawaida. Wagonjwa 6 waliopasuliwa moyo kati ya 2008 na 2012 walirudi na maambukizi ya aina moja. Aliyewashambulia ni kijidudu kiitwacho Mycobacterium chimaera, jamaa wa yule anayeleta kifua kikuu. Makazi yake ni maji na udongo, na kwa kawaida hamsumbui mtu mwenye afya. Walipofuatilia, wakamkuta ndani ya matangi ya kile kifaa. Kikiwashwa, kilikuwa kikirusha hewani matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na feni yake ikiyasukuma hadi juu ya meza ya upasuaji. Huko yalikuta kifua kilichofunguliwa na valvu bandia inayongoja kuwekwa.

Matokeo hayo yalichapishwa 2015. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata, uliolinganisha vijidudu kutoka kwa wagonjwa na mashine za nchi kadhaa, ulionyesha kwamba vingi vilikuwa vya ukoo mmoja. Dalili zikaelekea kwenye kiwanda kilichounda kifaa hicho, kiitwacho 3T, huko Ujerumani. Maana yake ni kwamba baadhi ya mashine huenda zilifika hospitali zikiwa zimeshachafuka, na muuguzi aliyezisafisha kwa uaminifu kila siku hakuwa na habari.

Ubaya wa kijidudu hiki ni subira yake. Hukua polepole sana. Mgonjwa anaweza kukaa miezi, hata miaka, kabla hajaanza kuumwa. Zinapokuja, dalili zenyewe ni homa isiyoeleweka, jasho la usiku, kukonda, uchovu na maumivu ya misuli. Hebu jiulize mtu mwenye dalili hizo akiingia zahanati yoyote ya kwetu atatibiwa nini. Atapewa dawa ya malaria, asipopona atapewa ya homa ya matumbo, na akizidi kukonda atapelekwa kupimwa kifua kikuu. Upasuaji wa miaka mitatu nyuma hautatajwa na daktari wala na mgonjwa mwenyewe.

Sasa tazama walivyofanya. Oktoba 2015, hospitali moja ya mji wa York, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, iliwaandikia barua wagonjwa wapatao 1,300 waliokuwa wamepasuliwa moyo katika muda wa karibu miaka minne. Tarehe 13 Oktoba 2016, idara ya Marekani inayosimamia udhibiti wa magonjwa ilizitaka hospitali na madaktari wa nchi nzima wawaarifu wagonjwa wao. Mwanzoni mwa 2017 Uingereza nayo ikawaandikia watu waliowekewa au kutengenezewa valvu za moyo tangu Januari 2013.

Hatari yenyewe ilikuwa ndogo. Katika hospitali ambazo zilikuwa zimeshapata angalau mgonjwa mmoja, Wamarekani walikadiria kwamba aliyeambukizwa ni kati ya mmoja kwa kila 100 na mmoja kwa kila 1,000. Wengi waliopata barua hawakuwa na chochote. Lakini yule mmoja alijua la kumwambia daktari wake, na daktari akajua cha kupima.

Haya yanatuhusu vipi?

Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja. Pwani yetu ina watu waliopasuliwa moyo. Wengine ni vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo, ugonjwa unaoanza kwa maumivu ya koo ya utotoni yaliyopuuzwa. Familia zilifanya harambee, zikauza shamba au mashua, mgonjwa akapelekwa Nairobi au India. Ikiwa wewe au mtu wako ni miongoni mwao, na ana homa isiyokwisha au jasho la usiku, basi akifika hospitali neno la kwanza liwe, "Nilipasuliwa moyo mwaka fulani, hospitali fulani." Ni sentensi moja tu, lakini inaweza kumfungulia daktari mlango ambao vipimo vya malaria havifungui.

Njia ya pili ni pana zaidi, na inamgusa karibu kila nyumba kutoka Mtwapa hadi Marereni. Hatuna mashine nyingi za moyo hapa, lakini tuna thieta ambazo hazilali. Kuna akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Kuna wazee wanaopasuliwa mabusha, maana ugonjwa wa matende na mabusha umekaa katika ukanda huu wa Pwani miaka na miaka. Kuna ngiri, kuna kidole tumbo, na kuna vijana wa bodaboda waliovunjika miguu wakawekewa vyuma. Wote hao wamepita chini ya mikasi, koleo na visu vilivyomgusa mtu mwengine kabla yao.

Hilo si kosa. Vifaa vya upasuaji vimeundwa kutumika tena na tena, sharti visafishwe inavyotakiwa kila mara. Na hapa ndipo inafaa msomaji ajue usafishaji wenyewe unavyokwenda, kwa sababu wengi tunadhani ni kuchemsha tu.

Kifaa kikitoka kwa mgonjwa huoshwa kwanza kwa maji na sabuni maalumu, kwa burashi, hadi kwenye maungio. Damu ikikaukia kwenye bawaba ya mkasi, mvuke haufiki chini yake, na kijidudu kilichojificha hapo hunusurika. Kisha kifaa hukaguliwa, hufungwa kwenye kitambaa au karatasi maalumu, na kuingizwa kwenye otoklevu, ambayo ni kama sufuria kubwa la presha. Ndani yake mvuke hufika nyuzi joto 121 au 134 na kukaa hapo kwa muda uliowekwa. Kuchemsha maji ya kawaida hufika nyuzi 100 tu, na kuna vijidudu vinavyotaga mbegu ngumu ambazo joto hilo haliziui.

Umeme ukikatika kati ya safari hiyo, kazi yote inatakiwa kuanza upya. Kule juu ya furushi hubandikwa utepe wenye mistari inayogeuka rangi. Utepe huo unathibitisha kwamba furushi limepata joto, basi. Hauthibitishi kwamba vijidudu vyote vimekufa. Kwa hilo kuna kipimo chengine, chenye vijidudu hai vinavyoingizwa makusudi kwenye otoklevu kuona kama vitakufa, na hicho kinatakiwa kufanywa mara kwa mara na kuandikwa.

Sasa weka kazi hiyo katika mazingira yetu. Maji yetu ya mfereji yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na anayeishi Malindi, Watamu au Kilifi hahitaji kuambiwa mifereji hukauka mara ngapi. Ikikauka, tunarudi kwa bauza na kwa visima, na maji ya visima vingi vya ufuoni ni ya chumvi. Maji magumu na ya chumvi huacha ukoko ndani ya mashine za mvuke na kuzila chuma. Stima nayo tunaijua ilivyo. Kwa hiyo muuguzi wa thieta anaweza kuwa hodari na mcha Mungu, lakini akiwa na wagonjwa watano wanaongoja, seti mbili za vifaa, na mfereji unaotoa hewa, yuko katika mtihani mkubwa.

Kilifi ilishapima

Watu husema mambo haya ni ya kudhania. La. Sisi tuna bahati ambayo kaunti nyingi hazina. Kando ya Hospitali ya Kaunti ya Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza 1989, na watafiti wake wamekuwa wakiandika habari za wagonjwa wetu kwa makini.

Mwaka 2011 walichapisha utafiti kuhusu watoto waliolazwa Kilifi kati ya 2002 na 2009. Walitaka kujua ni wangapi waliingiwa na vijidudu kwenye damu wakiwa ndani ya hospitali, baada ya kuja kutibiwa ugonjwa mwengine. Walikuwa kama 6 kwa kila watoto 1,000 waliolazwa. Idadi hiyo yaonekana ndogo mpaka usome mstari unaofuata. Kati ya watoto hao, asilimia 53 walifariki. Waliokuja na vijidudu vya damu kutoka nyumbani walifariki asilimia 24, na wasiokuwa navyo kabisa walifariki asilimia 6.

Utafiti ule haukuwa wa upasuaji, na haukusema kwamba kila mtoto aliambukizwa na kifaa. Lakini ulitufundisha kwamba maambukizi ya hospitalini ni adui aliyepo hapa hapa Kilifi, na kwamba anaweza kuhesabiwa mtu akikaa chini na kuandika. Waliohesabu walikuwa na daftari. Wodi isiyo na daftari inaweza kuwa na msiba kama huo na isijue.

Upande wa upasuaji, Shirika la Afya Duniani lilisema 2016 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi. Likaongeza kwamba barani Afrika, hadi mwanamke mmoja kati ya watano wanaojifungua kwa upasuaji kidonda chake huambukizwa. Kila msomaji anayo shangazi, dada au mke anayemkumbuka hapo.

Lakini iko habari njema pia, na inatoka kwetu Afrika. Hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilijaribu mpango mmoja chini ya Shirika la Afya Duniani, na matokeo yakachapishwa 2018. Mgonjwa aoge kabla ya kupasuliwa. Asinyolewe kwa wembe. Ngozi isafishwe kwa dawa inayofaa. Sindano ya kuzuia maambukizi ipigwe kabla ya kisu kugusa ngozi, badala ya vidonge vya wiki nzima baadaye. Watu wasiingie na kutoka thieta ovyo. Maambukizi yakashuka kutoka asilimia 8 hadi 3.8. Hakuna mashine ya mamilioni iliyonunuliwa. Hii inatukumbusha pia kwamba vijidudu vingi vya kidonda hutoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe na mikono ya wanaomhudumia, kwa hiyo si haki kila usaha kuulaumu mkasi.

Mashine tulizipata, daftari je?

Tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali, hospitali mbili katika kila kaunti. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya thieta na vya kutakasia, mashine za figo, za wagonjwa mahututi na za eksirei. Kaunti zilikatwa fedha kila mwaka, kwanza shilingi milioni 95, baadaye milioni 200. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mradi huo ilitoa ripoti kali 2020, na moja ya malalamiko yaliyosikika sana ni mashine zilizokaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, maji au umeme.

Mjadala wote ule ulikuwa wa pesa. Nani alikula, nani alisaini. Ni mjadala wa haki. Lakini sikumsikia mwanasiasa hata mmoja akiuliza swali dogo la mgonjwa. Je, kila otoklevu ina kitabu chake? Kitabu hicho kinasema siku, saa, joto na nani aliyeiendesha? Na seti iliyotoka humo inaandikwa kwenye faili la mgonjwa aliyetumiwa?

Haya ndiyo yaliyoiwezesha ile hospitali ya Pennsylvania kuandika barua 1,300. Mashine mpya haikuwasaidia chochote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na tatizo. Kilichowasaidia ni kwamba walijua nani alipasuliwa lini na kwa kifaa gani.

Kwetu, mjomba wangu alipasuliwa ngiri katika hospitali moja ya ukanda huu ambayo sitaitaja. Wiki ya tatu kidonda kikaanza kutoa maji. Tulipomrudisha, faili lake halikuonekana. Tukaambiwa tufungue jengine, na daktari mpya akaanza kumuuliza mgonjwa mwenyewe alipasuliwa nini na alipewa dawa gani. Mzee wa miaka 71 akawa ndiye daftari la hospitali. Alipona, alhamdulillahi, lakini maambukizi yake hayakuhesabiwa popote. Kama kulikuwa na wengine watatu waliopasuliwa wiki ile na vidonda vyao vikatoa maji kama chake, hakuna aliyeunganisha habari zao. Hivyo ndivyo kifaa kibovu kinavyoweza kufanya kazi mwaka mzima bila kushukiwa.

Wanaosema tusiwatie watu hofu

Najua hoja itakayokuja, na ina uzito. Tukianza kuwatangazia watu habari za vifaa vichafu, akina mama watakimbia hospitali na kurudi kujifungulia nyumbani. Mwanamke anayetoka damu nyingi vijijini Magarini au Ganze akiogopa thieta, atakufa kwa hofu yetu. Hilo ni kweli, na nasema wazi: anayeambiwa na daktari kwamba anahitaji upasuaji, akubali. Hatari ya kukataa upasuaji unaohitajika ni kubwa kuliko hatari ya maambukizi.

Lakini hofu hailetwi na ukweli peke yake. Huletwa zaidi na kificho. Mtu akipata kidonda kisichopona na asiambiwe sababu, sababu ataitafuta mwenyewe. Ataambiwa ni jicho, ni husuda, ni jini la ufuoni, na atazunguka kwa waganga hadi mguu uoze. Barua au simu inayosema "tumegundua tatizo, njoo tukupime bure" inajenga imani kuliko kimya. Wale waliopata barua Marekani na Uingereza hawakuacha kwenda hospitali.

Wapo pia wanaosema kila kitu ni kadari. Kutawakali hakumkatazi mtu kuuliza. Mwili ni amana, na mwenye kisu naye amebeba amana. Kumwambia mwenye mali kwamba amana yake imepata doa ni sehemu ya uaminifu.

Sheria iko, kazi haijafanywa

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na hata iliyo mikononi mwa mtu mwengine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016 na Sheria ya Afya ya 2017, ambayo inatambua haki ya mgonjwa kuelezwa hali yake na kulalamika. Hospitali ya binafsi haijasazwa. Na anayeona amefanyiwa uzembe anaweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Kinachokosekana ni utaratibu wa kumfuata mgonjwa. Nao si mgumu. Huko Thika, watafiti walishajaribu kuwapigia simu wagonjwa baada ya kutolewa na kuwauliza kuhusu vidonda vyao, na njia hiyo ikaonekana inafaa kugundua maambukizi. Simu kila mtu anayo. Tena tangu Septemba 2023 nchi hii imewatawanya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja, na wamepewa simu za kurekodia habari za nyumba wanazozitembelea. Mhudumu anayepita kupima presha Shella au Maweni anaweza pia kuuliza, "Mama, kidonda cha upasuaji kiko vipi?" na kutuma jibu hospitali siku hiyo hiyo.

Naiomba serikali ya Kaunti ya Kilifi na bunge lake mambo manne. Kila otoklevu iwe na kitabu, na nambari ya kila seti iandikwe kwenye faili la mgonjwa. Kila anayepasuliwa aachie nambari mbili za simu, yake na ya jamaa. Apigiwe angalau mara moja ndani ya siku 30. Na kuwe na sera iliyoandikwa kwamba kifaa kikigundulika na tatizo, waliokitumia wataarifiwa na kupimwa bila malipo, liwe lilitokea jana au miaka mitatu iliyopita. Hospitali za binafsi zinazopewa leseni zibanwe kwa masharti hayo hayo.

Wewe uliyepasuliwa, fanya haya

Itunze karatasi uliyopewa ulipotolewa hospitali. Ipige picha uiweke kwenye simu, na umtumie mtoto au ndugu. Iwe na tarehe, aina ya upasuaji, na kama umewekewa chuma, valvu au wavu mwilini. Kama hukupewa, rudi uiombe. Ni haki yako.

Tazama kidonda chako kwa siku 30 za mwanzo. Kikiwa chekundu na cha moto, kikivimba, kikitoa usaha au maji yenye harufu, kikifunguka, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo. Usikitie majivu, dawa ya meno, maji ya bahari wala unga wa vidonge. Usinunue antibiotiki duka la dawa kwa kubahatisha, maana utakificha kijidudu badala ya kukiua.

Kwa akina mama na wanaowauguza: desturi yetu ya arubaini ni nzuri, mzazi apumzike na alishwe vyema. Lakini aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo kwa maji moto juu ya mshono. Mkandaji mwenye busara ataelewa akielezwa kwa heshima.

Kwa waliowekewa vyuma: muda wenu ni mrefu zaidi. Maambukizi ya chuma yanaweza kujitokeza baada ya miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Maumivu yanayorudi, uvimbe au tundu dogo linalotoa maji juu ya mfupa si baridi ya kusi. Rudini.

Na kabla ya kupasuliwa, si utovu wa adabu kumuuliza muuguzi, "Samahani dada, vifaa hivi vimetakaswa leo?" Muuguzi mwema hatakasirika. Pengine atafurahi kwamba kuna mtu anayeiona kazi yake, kisha ataweza kumwambia mkubwa wake kwamba wagonjwa wameanza kuuliza. Wakiuliza mia moja, kitabu cha otoklevu kitanunuliwa. Bei yake haifiki hata posho ya chakula cha mchana cha mheshimiwa mmoja.